Mwanafunzi Akifeli Anapelekwa Disko

Nilimwambia mama kwamba kwenye chuo kikuu alichochaguliwa dada, mwanafunzi akifeli anapelekwa disko. Nilimwambia nikiwa nimeshiba, nimekalia ndoo iliyopinduliwa uani, bila sababu yoyote zaidi ya kutaka kuona uso wake utakuwaje. Huo ndio ujinga wenyewe. Nauweka hapa juu kabisa nisije nikaupamba huko mbele.

Sie tunaishi Temeke, nyuma ya duka la ami. Ami ni kaka mkubwa wa marehemu baba. Duka lake, nyumba yake, na tangu baba afariki na sie ni wake: mama, dada na mie, vyumba viwili vya uani. Mtaani wanamwita Mwarabu, ingawa Kiarabu anachokijua ni cha sala na cha kutukania watu. Mama ni mtu wa hapa hapa, wa ukoo uliokuwepo kabla hilo duka halijachimbiwa msingi, lakini ukimsikiliza ami anavyoongea naye utadhani ni mgeni aliyekuja kuazima chumvi. Kwetu hakitoki kitu bila ami kusema kitoke. Jogoo akichinjwa bila yeye kuulizwa, huyo jogoo atasimuliwa mpaka Ramadhani.

Sasa dada akapata nafasi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaomba vyuo kwenye simu, na majina yalipotoka akawa amechaguliwa ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia, chuo kikuu cha serikali kilichoko mkoani, mbali, mkoa ambao ami aliufahamu kwa vitunguu vyake tu. Mama alizunguka mtaa mzima. "Mwanangu kapata nafasi." Alimwambia muuza samaki. Alimwambia ustadhi wa madrasa. Alimpigia mama mdogo anayekaa Segerea karibu na gereza, akamwambia na yeye, halafu akamwambia tena kwa sababu mtandao ulikatika katikati ya neno nafasi. Watu wengi hata hawakuwa wameuliza.

Lakini nafasi yenyewe ilikuwa na masharti. Dada alitumiwa ujumbe wenye namba za kuthibitishia, mwisho Ijumaa saa sita usiku. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Na kulikuwa na fomu ya mlezi, na mlezi wetu ni nani, unamjua. Ami akisema ndiyo, dada anaenda. Ami akisema hapana, dada anabaki Temeke na kemia yake.

Mama alimjua ami vizuri. Ami hanunui kitu kabla hajakiuliza asili yake. Gunia la mchele analihoji: limelimwa wapi, limekobolewa na nani, limelala stoo ya nani. Kwa hiyo mama akaamua haendi mikono mitupu. Atampelekea asili ya chuo. Kilianzaje, kimepitia wapi, kina nini ndani, wasichana wanalala wapi na nani anawalinda. Yote hayo yalikuwemo kwenye prospektasi, kile kitabu cha maelezo ya chuo, ambayo dada alikuwa ameichapisha steshenari, karatasi nyingi zimebanwa pembeni. Tatizo lilikuwa moja. Prospektasi ni ya Kiingereza mwanzo mwisho, na mama aliishia darasa la nne. Msahafu anausoma mbio kuliko mie ninavyosoma meseji, lakini Kiingereza hapana.

Dada angeweza kumsomea. Mama akakataa. Aliniita mie, dada akiwa hapo hapo anasikia, akasema: "Dada yako anakitaka hicho chuo, ataruka mabaya. Wewe huna faida wala hasara. Nisomee yote."

Mie wakati huo niko kidato cha tatu. Kiingereza changu kilikuwa hivi: nusu naelewa, nusu natunga. Darasani nilikuwaga namuigiza mwalimu wa jiografia mpaka yeye mwenyewe anacheka, na kipaji changu kikubwa, kama ni kipaji, ni kusema uongo uso mkavu. Kunipa mie kazi ya ukalimani ni kumkabidhi paka kapu la samaki.

Tukaanza Jumatatu baada ya alasiri. Mama anachambua mchele kwenye ungo, tasbihi yake iko mapajani. Ile tasbihi ndiyo ilikuwa daftari lake. Kila jambo la chuo analishikia punje moja, anairudia kwa kidole, midomo inacheza. Punje ya kwanza, mwanzo wa chuo.

Ukweli, kama ulivyoandikwa, ni kwamba pale mahali palikuwa kambi ya wajenzi wa barabara. Barabara ikaisha, wajenzi wakaondoka, mabanda ya mabati yakabaki. Serikali ikaweka humo chuo cha ualimu. Walimu wa mwanzo walilala kwenye mabanda yale yale, wanafundishana chini ya mabati, mvua ikinyesha hawasikilizani. Habari nzuri tu, yenye huzuni yake. Ila mie nilipofika kwenye wajenzi kuondoka nikaona imekaa kavu, nikaongeza jini. Nikamwambia mama kulikuwa na jini kambini, wajenzi wakakimbia, serikali ikaleta walimu kwa sababu jini anaogopa chaki.

Mama akanitazama. "Jini haogopi chaki."

"Mama mie nasoma tu, sikuandika mie."

Akashika punje.

Halafu likaja neno moja refu, lenye maana kwamba kile chuo cha ualimu kilipanda daraja kikawa chuo kikuu kishiriki, chini ya uangalizi wa chuo kikuu kikubwa cha hapa Dar. Nilimuuliza dada maana yake, akanieleza vizuri, naye alikuwa na furaha siku hizo, alinieleza kama anayefundisha tayari. Mie nikarudi kwa mama nikamwambia chuo chetu kilikuwa mke mdogo. Mume ni chuo kikubwa cha Dar. Mke mdogo hatoki bila ruhusa, vyeti haviandikwi jina lake, mitihani inapikwa kwa mume inaletwa imepoa. Miaka ikapita, mke mdogo akachoka, akadai hati yake, akapewa. Sasa anajitegemea, chuo kikuu kamili.

Mama alicheka mpaka ungo ukayumba. Nadhani hiyo ndiyo sehemu pekee ya historia ya elimu ya juu ya nchi hii aliyoielewa mara moja. Nikamwambia pia kwamba kuna Mkuu wa Chuo na kuna Makamu, Mkuu hakai chuoni, anakuja siku ya mahafali kavaa joho anavisha watu kofia, kazi zote anafanya Makamu. Hilo ni kweli, sikutunga. Mama akasema, "Kama nyumba hii," akaangalia upande wa duka, akashusha sauti.

Jumanne tulikuwa kwenye kilicho ndani. Kitivo cha elimu, kitivo cha kilimo, cha biashara, maktaba ya ghorofa mbili, maabara, zahanati, shamba la mifugo. Kulikuwa na picha ya wanafunzi wamevaa makoti meupe wamemzunguka ng'ombe, na ng'ombe ndiye pekee aliyekuwa anaangalia kamera. Mama aliishika ile picha muda mrefu. Aliuliza kama dada naye atavaa koti jeupe. Nikasema atavaa, hilo nalo kweli. Kisha akauliza la muhimu: mabweni. Kitabu kilisema kuna mabweni ya wasichana na ya wavulana, basi, kikaendelea na viwanja vya michezo. Mie nikaona mama anasubiri, nikamjengea bweni. Nikaweka ukuta. Nikaweka geti linalofungwa magharibi ikiingia. Nikaweka na mlinzi, mwanamke mtu mzima, amekwenda Makka mara mbili, ana fimbo.

"Hajja?"

"Hajja."

Mama alifumba macho. Punje ile aliishika kuliko zote.

Hapo nilikuwa bado sijaharibu kitu. Nasema hivi si kujitetea. Uongo wote wa siku mbili ulikuwa wa kumpendeza, na angeenda nao kwa ami ungepita kama maji.

Jumatano ndiyo siku ya kanuni. Kurasa za mwisho, herufi ndogo. Adhabu za kuiba mtihani, adhabu za kugoma, na pale penye mwanafunzi kufeli masomo mengi. Neno la Kiingereza lililoandikwa pale, wanafunzi wa vyuo wote wanalikata wanasema disko. Fulani kadisko. Yaani kafukuzwa kwa kufeli, kafungasha, karudi kwao. Mtaani kwetu kila mwenye kaka chuoni analijua. Mie nalijua. Mama halijui.

Nikasema, "Na hapa wanasema mwanafunzi akifeli anapelekwa disko."

Mkono ukasimama kwenye mchele. "Disko lipi?"

"Disko, mama. La kucheza. Taa zinawaka zinazimika. Wanamuweka humo mpaka akome."

"Na wasichana?"

"Wasichana ndio kabisa."

Aliniangalia muda mrefu, na mie nikamrudishia uso mkavu kama wa darasani. Akasema lahaula, akabeba ungo, akaingia ndani. Mie nikajiziba mdomo kwa kola ya shati nikacheka mpaka mbavu zinauma.

Nilikuwa nimwambie ukweli jioni. Jioni umeme ukakatika, kama kawaida, mitambo ya gesi iko Kinyerezi hapo tunaiona kabisa tukipita lakini sie tunakula kwa tochi ya simu. Kwenye giza nikamsikia mama anazungumza peke yake, anapitia punje. Mabanda. Mke mdogo. Koti jeupe. Hajja. Halafu lahaula. Nikajua amefika kwenye disko. Nikataka kusema, nikaona kesho itachekesha zaidi. Asubuhi nikakumbuka tena nikiwa navaa viatu vya shule. Nikaona bado.

Alhamisi baada ya alasiri mama alioga, akavaa buibui jipya, akaniambia chukua karatasi twende. Dada tulimwacha chumbani, kaketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Mama hakutaka awepo. Ilikuwa kama posa, mwenyewe haitwi mpaka wakubwa wamalize.

Dukani ami alikuwa anapima sukari. Kulikuwa na wanawake wawili wa mtaani wanasubiri mafuta, na kijana mmoja anayesambaza sabuni, anashusha maboksi kutoka kwenye bajaji ya mizigo. Mama akatoa salamu, akampa ami shikamoo, akaiweka fomu juu ya kaunta. Akaanza.

Sijawahi kumsikia mama akiongea hivyo. Jini alimtupa nje mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Alianza na mabanda ya mabati na walimu wasiosikilizana mvua ikinyesha, na alivyoyasema wale wanawake waliacha kupiga soga. Mke mdogo alipodai hati yake wote walicheka, ami naye meno yakaonekana. Akapita maktaba, akapita zahanati, akafika kwenye shamba. Ami akauliza kama wanalima vitunguu. "Wanalima, shemeji," mama akasema. Hicho kitunguu hakikuwemo kwenye kitabu wala kwenye uongo wangu. Akamalizia na bweni, ukuta, geti la magharibi, hajja na fimbo yake. Ami alitikisa kichwa, akasema huko ndiko watu wanajua kulea. Akaivuta fomu karibu. Akatafuta kalamu kwenye droo, akaijaribu juu ya boksi la sabuni, haikutoka wino, akaipulizia, ikatoka. Akauliza anaweka sahihi wapi.

Mie macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa mama. Kidole kilikuwa kimebaki kwenye punje moja. Niliijua ni ipi. Nilikuwa na muda wa kukohoa. Nilikuwa na muda hata wa kuangusha zile karatasi. Nitakuwa mwongo nikisema niliganda kwa hofu. Sehemu moja ya mie ilikuwa bado inataka kuona itakuwaje.

"Shemeji," mama akasema, "kabla hujaweka mkono wako. Chuo kina aibu yake moja na sikufichi, usije ukaisikia kwa watu ukasema nilikudanganya. Mwanafunzi akifeli wanampeleka disko. Sasa mie naomba, uwaandikie hapo chini kwamba wa kwetu akifeli wamrudishe tu nyumbani."

Ami akainua kichwa. Kabla hajasema kitu, yule kijana wa sabuni alipasuka. Alicheka mpaka boksi likamponyoka likamwangukia mguuni, akacheka na maumivu yake. Akasema mama, kudisko ni kufukuzwa, umefeli, unafungasha, unarudi kwenu, hakuna muziki. Akasema anajua kwa sababu amesoma chuo hicho hicho. Wale wanawake sasa walikuwa wameegemeana. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba alichoomba mama ndicho hicho hicho kinachofanyika. Mama alikuwa ameisema kanuni ya chuo bila kukosea.

Ami alimgeukia kijana. Akamuuliza kuhusu geti. Kijana, bado anafuta machozi, akasema geti lipo ila halina kitasa, wanalifunga kwa waya mbuzi wasiingie.

"Na hajja?"

"Hajja yupi, mzee? Mlinzi ni babu mmoja hivi, muda wote yuko na redio yake."

"Na wewe ulimaliza?"

"Nilimaliza, mzee. Shahada ya elimu."

"Na unaniletea sabuni," ami akasema.

Kijana aliacha kucheka. Aliinama, akaanza kuyapanga maboksi ambayo yalikuwa tayari yamepangika.

Ami akairudisha kalamu kwenye droo. Akamuuliza mama ni nani aliyemsomea. Mama akasema nimesoma mwenyewe. Kiingereza, ami akasema. Mama akasema kidogo kidogo. Ami aliangalia mikono yangu, na zile karatasi zilizobanwa pembeni, na mikono yangu tena.

Hakupaza sauti. Ami anapotaka kuumiza mtu huwa anaongea kama anayetaja bei. "Umedanganywa na kitoto hiki, shemeji. Ndani ya nyumba yangu, umekaa kwenye mkeka wako. Binti yako huko atadanganywa na wangapi?"

Akaisukuma fomu kwa kikombe cha kupimia sukari mpaka ukingoni mwa kaunta, ili asiiguse kwa mkono. "Mpishe mteja," akasema.

Mama aliikunja fomu mara nne. Aliwaaga wote, mmoja mmoja, hata kijana wa sabuni. Uani dada alikuwa amesimama mlangoni, na alivyotuona tu akajua, lakini akasubiri aambiwe. Mama akasema ami yako amekataa, akaingia kuvua buibui. Sababu hakuitaja. Aliyeitaja ni mie, kwa sababu dada aliniuliza na uso mkavu ulikuwa umenitoka. Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Alisema tu, "Nilikufundisha lile neno," yaani neno la chuo kishiriki, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda.

Ijumaa alikaa na simu kutwa nzima. Mama aliporudi kutoka msikitini alimkuta vile vile. Zile namba za kuthibitishia hazihitaji sahihi ya mtu, unaziingiza tu unabonyeza, na mie nilijua anafikiria kubonyeza. Akibonyeza, halafu? Aende na mguu? Saa sita ilipita hajabonyeza, na sijui sie wawili nani alikuwa macho zaidi.

Jumapili ami alimtafutia dada kazi. Akasema mtoto mwenye akili asikae bure, akae dukani. Kwa hiyo mwanakemia wetu anapima sukari, anafunga chumvi kwenye vifuko, na yule kijana wa sabuni akileta mzigo wote wawili wanaangalia chini. Mtaa nao ulifanya kazi yake. Wale wanawake wawili hawakulala na habari, na kabla wiki haijaisha mama alikuwa na jina jipya. Mama Disko. Wanamwita hivyo bombani, wanamwita hivyo kwa muuza samaki, watoto wadogo wanamwamkia shikamoo Mama Disko na wala hawatanii, wanajua ndilo jina lake. Na kwa kuwa mama anaitwa kwa jina la mwanawe, basi Disko ni mie. Shuleni lilifika kabla yangu. Mwalimu wa jiografia alilitumia kwenye kuita mahudhurio, darasa zima likaanguka, na zamu hii si mie niliyewachekesha.

Mama mwenyewe hakunigombeza. Chakula ananipakulia, shati ananifulia. Kilichokwisha ni kunituma kusoma. Kabla ya hapo kila karatasi iliyoingia ndani ilikuwa yangu. Nilisubiri wiki mbili. Siku moja alirudi kliniki na dawa zake za presha, akatoa ndani ya kiboksi ile karatasi nyembamba iliyokunjwa kunjwa, ya maelezo, Kiingereza kitupu. Akaikunjua kwenye mapaja, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikasogea. Nikamwambia lete mama nikusomee, na nikamwambia nitasoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, nisipolijua nitasema sijui.

Aliikunja upya kwa mikunjo yake ile ile ya kiwandani, taratibu, mpaka ikaingia kwenye kiboksi. Dukani kwa mbele tulikuwa tunamsikia dada anamwambia mteja chumvi imeisha.

"Usijisumbue, baba," mama akasema. "Atanisomea dada yako. Yeye sasa ana nafasi."